Cortez: Ushirika wa Wakulima wa Mchangani

Ardhi ya Cortez ilikuwa mchanga. Kyutaro Abiko, mwenye gazeti la Kijapani la Nichibei Shimbun huko San Francisco, aliinunua mwaka 1919 katika Kaunti ya Merced, California, akawauzia vipande Wajapani waliochoshwa na ukibarua wa kuhamahama. Cortez ilikuwa kijiji chake cha tatu, baada ya Yamato iliyo karibu na Livingston, na Cressey.

Kumiliki shamba hakukuwa rahisi. Sheria ya ardhi ya 1913, iliyokazwa mwaka 1920, ilimkataza kununua ardhi ya kilimo mgeni yeyote asiyeruhusiwa kuwa raia, na Mjapani hakuruhusiwa. Hati nyingi zikaandikwa majina ya watoto waliozaliwa Marekani. Jembe mkononi mwa baba, shamba kwa jina la mtoto.

Mizabibu na mipichi huchukua miaka kabla ya kuzaa. Familia zililazimika kula wakati huo, kwa hiyo zilipanda stroberi. Tunda hili halisubiri mtu: lililochumwa leo likilala, kesho limelainika na kuvuja maji ndani ya kreti. Dalali wa mjini analijua hilo, na mkulima aliyesimama mbele yake peke yake atapokea bei yoyote atakayotajiwa.

Mwaka 1924 wakulima wakaunda ushirika wao, Cortez Growers Association. Ushirika ulinunua mahitaji ya shamba kwa jumla na kuuza mazao ya wanachama kwa pamoja, ili dalali akutane na kijiji kizima.

Kazi ya ushirika iliyo kubwa kuliko zote ilikuja bila kutarajiwa. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt alitia saini amri namba 9066, iliyoruhusu jeshi kuwahamisha Wajapani kwa nguvu wakati wa vita na Japani. Watu wa Cortez walipelekwa kwanza kwenye viwanja vya maonyesho vya Merced, kisha kwenye kambi ya kizuizini ya Amache, Colorado. Kwingineko Wajapani wengi waliuza mali kwa bei ya kutupa. Wakulima wa Cortez, Cressey na Livingston walikuwa wameshazoea kuaminiana katika fedha: waliteua wadhamini na kuajiri meneja Mzungu wa kusimamia mashamba yao na kukusanya kodi kwa wapangaji.

Waliporuhusiwa kutoka kambini, mwaka 1945, wengi walirudi kwenye ardhi ambayo bado ilikuwa yao. Ushirika ukarudi kazini, na miaka iliyofuata milozi ikazidi kuenea kwenye mchanga uleule.