Kompyuta kuukuu si ya kutupwa: namna ya kuchagua programu nyepesi ya mafaili kwenye Linux

Katika madrasa ya mtaani kwetu hapa Mombasa tuna kompyuta mbili tulizopewa na ofisi moja iliyokuwa ikihama. Moja ina ramu ya GB 2, ya pili ina GB 4, na zote zinatumia diski za zamani za kuzunguka. Windows ilizielemea. Nikazitia Linux, zikafufuka. Lakini kila tulipofungua folda ya rekodi za darsa, dirisha lilikuwa likiganda hadi mtu anaenda kutawadha na kurudi.

Kisha likatokea la kutokea. Kijana mmoja alitaka kuhamishia rekodi za marehemu mwalimu wetu kwenye flashi. Hakunakili, alikata na kubandika. Mstari wa kazi ulipofika mwisho na kutoweka, akachomoa flashi. "Mwalimu, nimemaliza," akaniambia. Tulipoiingiza flashi kwenye kompyuta ya pili, darsa sita hazikufunguka, na kwenye kompyuta ya kwanza zilikuwa zimeshafutwa. Sauti ile hatutaipata tena.

Kijana sikumlaumu, kwani mimi ndiye niliyeiandaa kompyuta ile bila kufikiria programu gani ataitumia kushika mafaili. Tangu siku hiyo nimezijaribu nyingi. Haya ndiyo niliyojifunza, huenda yakamfaa mwenye shule, mwenye duka la kuchapisha au mzazi mwenye kompyuta kuukuu nyumbani.

Kwanza tuelewane. Programu ya mafaili ni lile dirisha unalofungua ili kuona folda zako, kunakili, kufuta na kubadilisha majina. Kwenye Windows ipo moja, umeshaizoea. Kwenye Linux zipo nyingi, na unaweza kuweka mbili au tatu kwa pamoja bila zenyewe kugombana.

Zile nzito ni Nautilus ya GNOME na Dolphin ya KDE. Si mbaya hata kidogo. Dolphin ina karibu kila kitu unachoweza kukitaka. Ila zimeundwa kuishi pamoja na mazingira yake makubwa. Nautilus, kwa mfano, hutegemea huduma inayopekua na kuorodhesha mafaili yako ili utafutaji uwe wa haraka. Kwenye diski mpya hutaihisi, lakini kwenye diski ya kuzunguka utaisikia ikikereza.

Katika zile nyepesi, nazipendekeza nne.

Thunar ndiyo ya mazingira ya Xfce. Ni nyepesi lakini haikunyimi kitu. Ukichagua mafaili mengi ukabonyeza F2, hukufungulia dirisha la kubadilisha majina yote kwa mpigo. Rekodi zilizoitwa REC001 na REC002 unazipa jina la darsa na nambari kwa dakika moja. Tangu toleo la 4.18 lililotoka Desemba 2022, dirisha lake linaweza kugawanywa pande mbili, na inatafuta hadi ndani ya folda ndogo.

PCManFM ilianzishwa na Hong Jen Yee wa Taiwan, mwanzilishi wa LXDE. Hii hufunguka upesi, ina tabo, na ukibonyeza F3 inakupa pande mbili. Ndiyo iliyomo kwenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi, basi ujue haihitaji mashine ya nguvu. Unaweza pia kuiamuru isitengeneze vijipicha vya picha zinazozidi ukubwa fulani, jambo linaloipumzisha sana kompyuta dhaifu.

PCManFM-Qt ni ndugu yake, ya mazingira ya LXQt. Ndiyo utakayoikuta kwenye Lubuntu za siku hizi.

Xfe ndiyo ya wenye mashine iliyochoka kabisa. Haitegemei GTK wala Qt, ambazo ndizo maktaba za kuchorea madirisha kwenye programu nyingi za Linux. Inatumia maktaba ndogo iitwayo FOX, na inakuja na kihariri cha maandishi na kitazamio cha picha vyake yenyewe. Sura yake ni ya kizamani, lakini kazi inafanya.

Sasa utachaguaje? Mimi nauliza maswali manne.

La kwanza: mazingira yako ni ya GTK au ya Qt? Xfce, MATE na LXDE ni za GTK. LXQt na KDE ni za Qt. Ukiweka Dolphin juu ya Xfce, itavuta nyuma yake msururu wa maktaba ambazo hukuwa nazo, na ule wepesi uliokuwa ukiutafuta unapotea. Chukua Thunar au PCManFM upande wa GTK, PCManFM-Qt upande wa Qt.

La pili: utaunganisha simu? Thunar na PCManFM hutegemea huduma iitwayo gvfs kwa simu, mtandao na pipa la taka. Kwenye Debian na Ubuntu, simu isipoonekana, weka kifurushi cha gvfs-backends kabla ya kuilaumu waya. Xfe haitumii huduma hiyo, kwa hiyo kama kazi yako ni kutoa picha kwenye simu za wateja, haitakufaa.

La tatu: inashughulikiaje flashi? Hapa ndipo tulipopata hasara. Linux hupokea data kwenye ramu kwanza, kisha huiandika kwenye flashi polepole. Mstari wa kazi unaweza kuisha na data ingali njiani. Ukiwa umekata na kubandika, faili la asili limeshafutwa. Kwa hiyo tafuta programu yenye alama ya kutoa flashi iliyo wazi pembeni, na uwafunze watu kuibofya na kungoja. Thunar huonyesha tangazo la kukuonya usichomoe wakati data bado inaandikwa, na kwa ajili hiyo peke yake nimeiweka kwenye kompyuta ya watoto.

La nne: inafutaje? Wengi hulalamika kuwa wamefuta kila kitu kwenye flashi na bado imejaa. Bonyeza Ctrl+H uone mafaili yaliyofichwa. Utaikuta folda kama.Trash-1000. Hilo ndilo pipa la taka, limekaa humohumo kwenye flashi. PCManFM ina chaguo la kufuta moja kwa moja kwenye vifaa vya kuchomolewa. Ni zuri kwa mwenye duka, lakini kwa watoto ni hatari, kwani kilichofutwa hivyo hakirudi.

Kuijaribu si kazi. Andika sudo apt install pcmanfm kwenye terminali, uifungue, uitumie wiki nzima kabla ya kuiondoa ya zamani. Ukiridhika, amri ya xdg-mime default pcmanfm.desktop inode/directory itafanya folda zote zifunguke nayo. Ukitaka kujua inakula ramu kiasi gani, andika free -h kabla na baada ya kuifungua, ulinganishe mwenyewe.

Nisiwadanganye, lakini. Programu ya mafaili haili ramu kama kivinjari kilichofunguliwa kurasa kumi. Kama tayari uko kwenye Xfce na Thunar inakwenda vizuri, kaa nayo. Funga hizo kurasa kwanza.

Sisi kompyuta ya GB 2 tumeipa PCManFM, ya GB 4 Thunar. Na ukutani nimebandika karatasi yenye mistari mitatu: nakili, usikate, toa flashi kwa alama yake, ifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe, kisha ndiyo ufute. Yule kijana ndiye aliyeiandika kwa mkono wake, na sasa ndiye anayewasimamia wenzake. Darsa zilizobaki tumeziweka mahali patatu.