Kazi ya Mpagazi wa Chumvi

Chumvi ya Uvinza ilitangulia kwa karne nyingi maandiko yote tuliyo nayo juu ya nchi ya Buha. Uchimbuzi wa miaka ya 1960 penye chemchemi zake, kando ya Mto Ruchugi, ulionyesha kuwa maji yale yalichemshwa tangu yapata karne ya tano au ya sita. Hata katika karne ya kumi na tisa watu wa nchi jirani walikuwa wakikusanyika huko kila kiangazi, wakachemsha maji vyunguni, wakawapa watawala fungu lao, kisha wakashika njia na mizigo. Waha walikuwa miongoni mwao; na kwa Mha wa Heru, upande wa Kasulu, au wa Muhambwe, upande wa Kibondo, kurudi nyumbani kulikuwa ni kupanda.

Mzigo huo ndio ninaotaka tuupime kwa kanuni alizozichapisha Newton mwaka 1687. Tuuchukulie kuwa wa frasila mbili, kiasi cha kawaida cha wapagazi wa misafara, yaani kilo 32 hivi. Kilo hizo si uzito, ijapokuwa sokoni sote twaziita hivyo. Ni tungamo, wingi wa chumvi yenyewe. Uzito ni kani ambayo kwayo dunia huivuta chumvi hiyo, nayo ni nyutoni 314 hivi. Mizani ya mikono miwili hulinganisha tungamo. Shingo ya mpagazi huhisi uzito. Chumvi ile ile ingepelekwa mwezini, mizani isingeona tofauti, lakini shingo ingepumzika, maana uzito ungebaki sehemu moja ya sita.

Sasa mpagazi na aende. Fizikia hufasiri kazi kuwa ni kani mara umbali uliokwendwa kuelekea upande wa kani ile. Kichwa chasukuma mzigo juu, nao mzigo waenda mbele. Basi katika tambarare, kwa mwendo usiobadilika, kazi iliyofanyiwa mzigo ni sifuri. Sentensi hii, ikitamkwa kwa Kiswahili mbele ya vijana wa Kasulu, husikika kama tusi kwa babu zao. Wapo watakaoikariri ili wafaulu, wala wasiiamini, nami siwalaumu.

Lakini fizikia haikusema kwamba mpagazi hakuchoka. Ndani ya msuli uliokazwa, nyuzi ndogo hushika na kuachia bila kukoma. Hula chakula cha mtu na kutoa joto, hata kama mzigo haupandi kidole kimoja. Jasho lake ni nishati isiyoingia katika chumvi. Mlimani hesabu hubadilika: kuupandisha mzigo ule mita 300 ni kazi ya jouli 94,000 hivi. Ajabu ni kwamba nishati hiyo haizidi iliyomo katika kijiko cha chai kilichojaa sukari! Ila mwili hugeuza kuwa kazi robo tu hivi ya nishati ya chakula, na mpagazi hupandisha pia mwili wake mwenyewe.

Tena Buha si ngazi ya moja kwa moja. Ni vilima na mabonde. Kila bonde likishukwa, hesabu ya uzito huirudisha kazi ya mlima uliopita. Misuli hairudishiwi kitu, kwa kuwa katika kushuka miguu huuzuia mzigo, nayo huchoka kwa kuzuia. Mwisho wa safari daftari la fizikia huandika tofauti ya kimo cha Uvinza na cha nyumbani, basi.

Neno kazi, kwa hiyo, limebeba maana mbili zinazogombana, na ugomvi huo ni mlango mzuri wa kuingilia somo. Shule za msingi zilipewa Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia mwaka 1967. Sekondari fizikia yafundishwa kwa Kiingereza, na huko mwanafunzi hupokea neno geni ambalo babu yake hakuwahi kulitolea jasho. Huambiwa kwamba jibu ni sifuri, naye huandika sifuri.