Kutoka Mnazi wa Msimbati Hadi Seli Shina

Ghuba ya Mnazi, penye kijiji cha Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma kusini mwa Tanzania, imebeba jina la mti unaowalisha watu wake. Mti huohuo huwaangusha wakwezi. Mtu akidondoka akatua kwa mgongo, mfupa unaweza kuunga. Lakini ugwe wa neva uliomo ndani ya uti ukikatika, miguu hupooza.

Mafunjo ya Edwin Smith, maandiko ya kitabibu yaliyoandikwa Misri yapata miaka 3,600 iliyopita, yanalitaja jeraha hilo kuwa halitibiki. Februari 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, daktari Ludwig Guttmann aliikataa hukumu hiyo. Hakuwa na dawa mpya. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili wasipate vidonda, kibofu kitunzwe kwa usafi, kisha wafanye mazoezi. Waliokuwa wakingoja kufa wakaishi.

Miguu, hata hivyo, haikuamka. Mwaka 1998 James Thomson wa Marekani aliotesha maabarani seli shina za kiinitete cha binadamu, zenye uwezo wa kuwa seli za aina nyingi mwilini. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alizirudisha seli za kawaida za panya kwenye hali hiyo ya uchanga. Oktoba 2010 kampuni ya Geron ikaanza kujaribu kwa majeruhi wa ugwe seli zilizotokana na seli shina za kiinitete. Mwaka uliofuata ikasitisha kwa sababu za fedha.

Machi 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Keio, Japani, walitoa matokeo ya wagonjwa 4, kila mmoja akiwa amepandikizwa seli milioni 2 zilizotengenezwa kwa njia ya Yamanaka. Mmoja anaweza kusimama na ameanza kujifunza kutembea. Mwingine anasogeza viungo kiasi. Wawili hawakupata nafuu kubwa. Wote walipandikizwa ndani ya wiki nne tangu kuumia.

Wiki nne! Mkwezi wa Msimbati aliyebebwa mgongoni na kulazwa bila kugeuzwa, wiki ya nne humkuta na vidonda. Kwake, tiba huanzia chini ya mnazi: asiinuliwe kwa pupa, alazwe juu ya ubao, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara, na ikibidi Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Anayeuza sindano ya seli shina leo kama tiba ya uhakika anauza ahadi. Ubao upo kila kijiji.