Msumeno wa mnyororo: kuwasha, kutumia na kuzima kwa usalama

Msumeno wa mnyororo wa petroli ni mashine ya kushikwa mikononi inayokata mti kwa meno yaliyopangwa kwenye mnyororo unaozungushwa na injini. Tanzania wengi huuita chensoo, na Kenya pawa soo. Hutumika kuangusha miti, kupunguza matawi, kukata magogo na hata kupasua mbao porini. Injini ikiwa kwenye resi kamili, mnyororo hukimbia takriban mita 20 kwa sekunde, na ukiteleza hakuna anayewahi kuukwepa. Ndiyo maana kanuni zote za usalama wake hurudi kwenye jambo moja: mnyororo uzunguke unapokata tu, muda mwingine wote uwe umefungwa breki au injini iwe imezimwa.

Historia

Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme. Mwaka uliofuata Mjerumani mwenzake Emil Lerp alijaribu wa petroli kwenye mlima Dolmar, Thuringia. Mashine za wakati huo zilikuwa nzito mno, zikihitaji watu wawili. Nchini Marekani, Joseph Buford Cox, mkata miti wa Oregon, alichunguza jinsi buu la mbawakawa linavyotafuna mti kulia na kushoto, akabuni mnyororo wenye meno ya mpangilio huo na kuanza kuuuza mwaka 1947. Mpangilio huo ndio msingi wa minyororo mingi ya leo. Breki ya mnyororo ilianza kuenea miaka ya 1970.

Sehemu za usalama

Kinga iliyo mbele ya mpini wa mbele ndiyo pia wenzo wa breki. Ukiisukuma mbele, utepe wa chuma hubana ngoma ya klachi na mnyororo husimama papo hapo. Ukiivuta nyuma, mnyororo huachiwa. Juu ya mpini wa nyuma kuna kufuli inayozuia resi isibonyezwe kwa bahati mbaya. Chini ya bapa, yaani upau wa chuma unaoongoza mnyororo, kuna kikamata mnyororo kinachoudaka ukikatika au kuchomoka. Swichi ya kuzima huwekwa mahali ambapo kidole gumba huifikia bila kuachia mpini.

Maandalizi

Injini ni ya mipigo miwili, hivyo petroli lazima ichanganywe na oili ya 2T kwa kipimo alichoagiza mtengenezaji. Kipimo cha 50 kwa 1 ni mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Petroli tupu huua injini haraka. Mafuta hujazwa injini ikiwa imezimwa na kupoa, mbali na moto na sigara, na msumeno huwashwa angalau mita 3 kutoka hapo.

Tangi la pili ni la oili ya mnyororo. Wengi humwaga humo oili chafu ya gari, nayo huwa na chembe za chuma, haigandi vizuri kwenye mnyororo na ni hatari kwa ngozi. Mnyororo ulale sawasawa chini ya bapa bila kuning'inia, na uweze kuvutwa kwa mkono wenye glavu.

Mkataji aliyejikinga kikamilifu huvaa kofia ngumu yenye kinga ya uso na ya masikio, glavu, viatu vyenye ncha ya chuma na suruali maalumu. Suruali hiyo ina nyuzi ndefu ndani yake. Mnyororo ukiigusa, nyuzi huzongwa kwenye spoketi (gurudumu la meno linalouzungusha) na kuusimamisha.

Kuwasha injini ikiwa baridi

1. Weka msumeno chini mahali tambarare, bapa lisiguse kitu chochote, kisha funga breki.
2. Vuta choki. Shika mpini wa mbele kwa mkono wa kushoto ulionyooka, na ukanyage mpini wa nyuma kwa ncha ya kiatu cha kulia.
3. Vuta kamba polepole hadi ikaze, kisha ivute kwa nguvu. Usiiachie ijirudie yenyewe.
4. Injini ikishtuka mara ya kwanza, rudisha choki na uvute tena hadi iwake.
5. Bonyeza resi mara moja na uiachie ili injini ishuke kwenye mwendo wa chini. Ndipo breki ifunguliwe.

Injini ikiwa moto, mpini wa nyuma unaweza kubanwa kati ya mapaja. Kuuangusha msumeno kwa mkono mmoja huku mwingine ukivuta kamba, jinsi inavyoonekana kwenye maeneo mengi ya ukataji, ni kosa kubwa, kwa kuwa bapa huyumba karibu na miguu.

Kabla ya kukata, hakikisha mambo mawili. Mnyororo usizunguke injini ikiwa kwenye mwendo wa chini. Pia elekeza ncha ya bapa juu ya kisiki cheupe na uongeze resi: mstari mwembamba wa oili ukijichora juu yake, mnyororo unalainishwa.

Kukata

Hatari kubwa kuliko zote ni mruko wa nyuma. Robo ya juu ya ncha ya bapa ikigusa tawi au gogo, meno hunasa na bapa hurushwa juu kuelekea uso wa mkataji. Kinga yake ni kushika mipini yote miwili huku kidole gumba cha kushoto kikizunguka mpini wa mbele, kusimama pembeni mwa mstari wa bapa, na kutokata juu ya mabega.

Unapoangusha mti, watu wote wakae umbali usiopungua urefu wa miti miwili. Andaa mapema njia ya kukimbilia, nyuma na pembeni. Pengo la mwelekeo hukatwa kwanza, upande mti unakotakiwa kulalia. Kisha mkato wa nyuma, ukibakiza bawaba ya mti ya takriban sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Bawaba hiyo ndiyo inayouongoza mti. Ikikatwa, mti huanguka upande wowote.

Kuzima

Achia resi, subiri injini itulie, funga breki, kisha zima swichi. Swichi ikishindwa, vuta choki na injini itazimika. Kwa hatua chache kati ya mkato na mkato, breki hutosha. Kwa umbali zaidi zima, funika bapa kwa ala na ulielekeze nyuma. Usilaze msumeno wa moto kwenye majani makavu, kwani bomba la moshi linaweza kuwasha moto wa msitu.

Msumeno unaowaka vizuri lakini breki yake haishiki ni mbovu, na haupaswi kuingia shambani hadi utengenezwe.