Mchango Wenye Kiwango: Kutoka Ikoro hadi Agizo la 2017

Katika Kiswahili cha misafara ya karne ya 19, neno hongo lilimaanisha malipo ambayo msafiri alimpa mtawala ili aruhusiwe kupita katika nchi yake. Yalihesabiwa kuwa zawadi, ingawa asiyeyatoa hakupita. Leo hongo ni rushwa. Wanafunzi hushangaa kuona neno likihama hivyo, lakini nchini Burundi hata zawadi yenyewe imewahi kuhama.

Zama za wafalme, raia walimpelekea mwami ikoro: ng'ombe, asali, pombe ya mtama. Kiwango hakikuandikwa popote. Kilipimwa kwa desturi, kwa mavuno na, tukubali, kwa jicho la chifu. Mwami naye alitarajiwa kuwa mkarimu na kugawa ng'ombe. Wabelgiji, walioiteka nchi mwaka 1916, walitoza kodi ya kichwa kwa fedha, na hatimaye ikoro nayo ikageuzwa kuwa fedha. Sasa mtu aliweza kujua kiasi kabla mtozaji hajabisha hodi, ila hakuulizwa lolote wakati kiasi hicho kilipokuwa kikipangwa.

Katiba ya 2005 iliagiza viwango vya kodi viwekwe kwa sheria, maana yake vijadiliwe kwanza na wawakilishi wa wananchi. Kisha, Desemba 2017, waziri wa fedha na mwenzake wa mambo ya ndani walitoa agizo la kuchangia uchaguzi wa 2020. Mchango huo uliitwa wa hiari, lakini agizo lilitaja tarakimu: faranga 2,000 kwa kila kaya kwa mwaka, na faranga 1,000 kwa mwanafunzi aliyefikia umri wa kupiga kura. Watumishi wa umma walikatwa mshahara, kuanzia sehemu moja ya kumi hadi mshahara mzima wa mwezi, kulingana na cheo. Kwa watumishi, basi, uwezo ulizingatiwa. Kwa kaya haukuzingatiwa: mwenye duka mjini Gitega na mkulima wa vilima vya Muyinga, kule mpakani na Tanzania, walidaiwa kiasi kilekile.

Ikiwa ni zawadi, kiwango cha nini? Na ikiwa ni kodi, mbona mawaziri wawili walitosha kuipanga? Neno mchango liliwaepusha na maswali yote mawili. Ripoti ya Human Rights Watch ya Desemba 2019 ilieleza jinsi Imbonerakure, vijana wa chama tawala, walivyowazuia watu barabarani na masokoni wakidai stakabadhi za malipo. Rais Pierre Nkurunziza alikuwa ameshatangaza katikati ya mwaka huo kwamba ukusanyaji umekoma. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, baadhi ya watu waliendelea kudaiwa hata baada ya tangazo.