Leza, urembo na sindano ya Panzi

Leza ya gesi ya kaboni iligunduliwa mwaka 1964 na Kumar Patel, mzaliwa wa India, katika maabara ya Bell huko Marekani. Madaktari wakaitumia kuchoma chembe zinazoelekea kuwa saratani kwenye mlango wa kizazi. Kazi ya maana hiyo. Halafu biashara ikaingia: wanawake wakaambiwa mashine hiyo inarudisha uke wa usichana, bila kisu, bila kulazwa.

Julai 2018, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo. Haikuwa imeidhinisha matumizi hayo, na wanawake walikuwa wameungua, wengine wakabaki na makovu na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Mwaka 2021 watafiti wa Australia walitangaza matokeo ya wanawake 85 waliokoma hedhi na kusumbuliwa na ukavu: baada ya miezi 12, waliopigwa leza hawakuwa na nafuu kuliko waliofanyiwa ya kuigiza.

Kwetu Kivu shida ya wamama wengi si urembo. Ni fistula, mkojo unaovuja baada ya uzazi mgumu au kubakwa. Pale Panzi, Bukavu, tangu 1999, Daktari Mukwege na wenzake wanaishona kwa sindano na uzi. Mashine ya urembo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.