Waswahili Waliopungua Kitabuni: Sensa za Zanzibar za 1924 na 1931

Sensa ya Zanzibar ya mwaka 1924 iliandikisha maelfu ya watu kuwa ni Waswahili. Katika ile ya 1931, jina hilo lilibakiwa na wachache mno. Anayesoma majedwali peke yake angedhani kuwa katika miaka hiyo saba palizuka tauni au uhamaji mkubwa. Halikutokea lolote kati ya hayo. Watu walikuwapo palepale, mashamba na Ng'ambo, wakizungumza Kiswahili kilekile.

Kilichobadilika ni thamani ya jina. Baada ya amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa, wengi waliotoka utumwani walijiita Waswahili, wakidai nafasi yao katika uungwana wa mji. Kadiri jina lilivyonasibishwa na asili ya utumwa ndivyo lilivyokimbiwa, na wengine wakajitaja kuwa Wahadimu au Washirazi. Majina ya watu binafsi nayo yalihama: Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu, alizaliwa Fumba akiitwa Mtumwa. Safu ya kabila haikuweza kubeba mabadiliko ya namna hiyo, kwani ilidai jibu moja, la siku moja, mbele ya karani wa serikali.

Hata hivyo, mjadala wa "Mswahili ni nani?" (ambao haujapoa hadi leo) ungali unazitumia takwimu hizo kama idadi ya watu wa kabila fulani, ilhali ni idadi ya majibu waliyopewa makarani.